Wanja kwenye Kona ya Picha

"Rudisha nyuma," alisema Sulabha Khanvilkar. "Na safari hii usinionyeshe picha nzuri. Nionyeshe mbaya."

Omkar Gadre, fundi wa studio, alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue shati mbele ya wakwe. Alikuwa amekesha miezi na miezi akiisafisha filamu kuukuu, *Kivuli cha Adhuhuri*, na hakuona ubaya wowote uliobaki ndani yake.

"Mbaya ipi, dada Sulabha?"

"Ile ya kabla hujaiosha. Si mlinakili negativu yote kwenye kompyuta kwanza? Basi nataka kuiona na uchafu wake."

Omkar akaguna, akavuta kibao chake cha kuchapia. Nje mvua ya Julai ilikuwa inaipiga Parel, mtaa wa Bombay, bila huruma, na kila lori lililopita lilirusha maji mpaka kwenye kizingiti cha studio. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa filamu ingekwenda kiwandani kutiwa kwenye diski, watu wainunue wakaitazame majumbani mwao. Ikishakwenda, imekwenda.

Filamu yenyewe haikuwa na nyimbo, na maneno yake yangeenea kwenye kiganja. Mwanamke anamngoja mumewe katika nyumba kubwa ya jangwani, mwanga unatambaa ukutani, vivuli vya madirisha vinarefuka sakafuni, basi. Ilipotoka, miaka arobaini iliyopita, watu wa Bombay waliikimbia kabla ya mapumziko. Sasa watoto wa watu hao hao walikuwa wanaitafuta kama dawa, wakilaumiana mitandaoni nani aliiacha ikaoza.

Nyuma yao, juu ya kigoda, aliketi mteja aliyemleta Sulabha hapo. Ketaki Rajwade alikuwa mwalimu wa kuchora katika shule ya wasichana, mwanamke mkimya aliyekunja mwavuli wake vizuri kuliko watu wanavyokunja hati za nyumba. Mwanamke wa kwenye filamu, Nirupama, alikuwa mama yake. Nirupama aliigiza filamu hiyo moja, akafa kwa homa ya matumbo kabla haijaonyeshwa, na Ketaki akabaki mtoto wa kunyonya. Watu wa upande wa baba, kwa aibu ya mkamwana aliyejianika mbele ya kamera, walizichoma picha zake zote. Ketaki alikuwa amempita mama yake umri zamani sana, na hakuwa na picha hata moja waliyopigwa pamoja.

Kisha mwandishi mmoja mzee wa magazeti akamwambia jambo. Siku ya kwanza kabisa, filamu ilipoonyeshwa kwa wageni wachache, mwisho wake haukuwa huu wa sasa, wa mlango mtupu. Nirupama alitoka mlangoni amebeba kichanga. "Na kichanga chenyewe," mzee alisema, "ni wewe."

Tangu siku hiyo Ketaki hakuwa na raha. Mwenye studio alimpa neno lake: akiuleta mkanda wenye mwisho huo kabla ya Ijumaa, utawekwa. Ndipo akamtafuta Sulabha, aliyekuwa mpelelezi wa polisi mpaka goti lake likamstaafisha kabla ya serikali kufanya hivyo.

"Haya," alisema Omkar. "Mkanda wa kwanza, na uchafu wake."

Picha ikatokea, nyeusi na nyeupe, imejaa mikwaruzo na ukungu wa masika mengi. Sulabha akavaa miwani. Omkar akasogeza mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mikanda karibu yote ikapita, kila mmoja mwanzo wake tu.

"Simama. Hiyo nini?"

"Wapi?"

"Chini kushoto. Hicho kidoa."

"Madoa ya vumbi, dada. Yalikuwa maelfu. Mashine inayaona, inayafuta yenyewe."

"Rudi kwenye mkanda uliotangulia. Hiki hapa tena. Rudi tena." Kidoa cheusi, cha mviringo, kilikuwa pale pale kwenye kona, mwanzoni mwa kila mkanda. "Vumbi gani hili linalokaa foleni, Omkar? Hapa mjini hata watu hatukai."

Omkar akajikuna shingo. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile aliacha kuona haya akaanza kuona picha.

"Labda alama za mwendesha mashine," alijaribu. "Za kumwambia awashe mashine ya pili." Kisha akajikatalia mwenyewe. "Hapana. Hizo huwa mwisho wa mkanda, juu kulia. Hizi ziko mwanzo." Akaikuza picha mpaka kidoa kikawa kama bamba la chapati. "Na tazama. Hapa tunaona nyeusi, maana yake kwenye negativu ni uwazi, utando wa dawa umetobolewa. Mtu amechoma kwa ncha ya sindano."

"Kwenye negativu yenyewe?"

"Ndiyo. Kabla nakala yoyote haijatolewa."

"Na mkanda wa mwisho?"

Omkar akauleta. Mlango mtupu, jua, mchanga. Sulabha akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Kona ilikuwa safi.

Sulabha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sari, na macho yake yakaangukia pembeni mwa kompyuta, mahali Omkar alipobandika picha ya mtoto mwenye mashavu ya kutaka kuumwa.

"Wako huyu?"

"Binti yangu," alisema Omkar, na uso wote ukamchanua. "Picha nzuri lakini mama yangu ameiharibu. Hamwachi mtoto atoke bila wanja. Ona lilivyo pale shavuni, kama nzi."

"Kwa nini anampaka?"

"Si unajua, dada. Jicho la watu. Mtoto akiwa mzuri sana, unamtia kasoro kidogo ili..."

Akaitazama picha ya binti yake, akaitazama kona ya filamu, akaishika shingo yake tena.

"Ee Mungu," alisema. "Nimefuta wanja."

"Umefuta wanja," alisema Sulabha. "Kuna mtu aliiona filamu hii nzuri kupita kiasi, akaitia wanja mkanda kwa mkanda, kama mama anavyowapaka watoto kabla hawajatoka. Mtu wa namna hiyo hamsahau kitinda mimba. Kwa hiyo mkanda huu wa mwisho si mtoto wake. Nani alikuwa anaigusa negativu kwa mkono?"

"Mkataji wake peke yake, yule aliyeikata na kuiunga. Hata mwongozaji hakuruhusiwa." Omkar akakimbiza majina ya mwanzo wa filamu, akasimamisha kwenye mstari mdogo wa chini kabisa. "Hemlata Pednekar. Hemabai! Nilidhani ameshakufa. Mjomba wangu alimwona mtaa wa Girgaon mwaka jana, anagombana na muuza samaki."

"Basi yu mzima," alisema Sulabha, akanyanyuka akilishikilia goti.

Ketaki alikuwa ameshafungua mwavuli.

"Wewe unabaki," Sulabha alimwambia. "Mteja akiwepo, watu husema anayotaka kuyasikia."

"Lalwani hakuniambia nililotaka kulisikia."

Hilo lilikuwa kweli. Lalwani, aliyetoa fedha za filamu ile, aliwapokea juzi huku anatafuna tambuu, akawaambia nakala ya onyesho la kwanza ilikwenda na moto wa ghala, na mabaki yote aliwauzia wale wanaochemsha mikanda wapate madini ya fedha, na plastiki iliyobaki ikauzwa kwa watengeneza bangili. "Mama yako atakuwa amevaliwa na maharusi wengi, binti," alisema, akacheka peke yake. Ketaki hakulia. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa anatazama mikono ya wanawake kwenye treni, na Sulabha alimwona, na roho ilimuuma.

"Haya twende," alisema sasa. "Lakini ukae nyuma yangu, na mdomo uufunge."

* * *

Hemabai alikaa ghorofa ya juu ya moja ya zile nyumba za vyumba vya msururu, ambako ubaraza mmoja wa mbao unapita mbele ya milango yote na kila mtu anajua jirani anapika nini. Nguo mbichi zilining'inia ubarazani mvua nzima. Bibi mwenyewe aliketi chini, mgongo ukutani, akichambua mboga ya uwatu juu ya gazeti. Alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, na vidole vyake vilikwenda bila kuangaliwa.

"Kama ni habari za bima, sitaki," alisema. "Kama ni za kura, nitawapigia wote."

"Ni habari za filamu, mama."

Vidole havikusimama. "Filamu zipi? Mimi mtu wa mboga."

Sulabha akajishusha sakafuni kwa shida, akatoa karatasi aliyochapiwa na Omkar, akaiweka juu ya majani. Ketaki alibaki mlangoni, nusu nyuma ya shuka la mtu lililoanikwa.

"Hiki kidoa unakijua?"

Hemabai akakitupia jicho moja. "Ukungu."

"Ukungu wa mviringo?"

"Mwanangu, ukungu wa Bombay unaweza kuandika jina lako. Masika ya hapa yameharibu mikanda ya watu wenye majina makubwa. Kula kitu, kisha nenda, mvua itakukuta."

"Mvua imeshanikuta. Kwa hiyo si kazi ya mkono?"

"Mkono wa nani? Nilikuwa nakata, nilikuwa naunga. Sikuwa mchoraji."

Sulabha akaichukua karatasi, akaikunja polepole kama mtu aliyekwisha kazi.

"Vizuri. Umeniondolea wasiwasi, maana kijana wa studio ameshavifuta vyote. Hata kimoja hakikubaki. Ijumaa filamu inatoka hivyo hivyo, safi, inakwenda kwenye kila nyumba."

Vidole vya Hemabai vikasimama.

"Amevifuta vyote?"

"Vyote."

"Mjinga gani huyo? Hana mama? Inatoka mbele ya watu wote hao uso mtupu, haina hata..." Akauma ulimi. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na wote watatu waliyasikia.

"Haina hata wanja," alimalizia Sulabha, kwa upole. "Isipokuwa mkanda wa mwisho. Huo haukuwa nalo tangu mwanzo. Kwa nini, Hemabai?"

Jirani alikuwa anakaanga vitunguu, na redio ya mtu ilikuwa inasoma bei za nyanya.

"Nani atauonea kijicho mlango mtupu?" alisema bibi mwishowe.

"Na ule usio mtupu uko wapi?"

Hapo ndipo Ketaki aliposhindwa kutii. Akatoka nyuma ya shuka, akaja akasimama mbele ya bibi. Hakusema jina lake. Hemabai aliinua uso, akamtazama kuanzia kipaji mpaka kidevu, akakaza macho kwenye kidevu, na gazeti likamponyoka magotini na mboga yote.

"Umekuwa mkubwa hivi," alisema. "Mungu wangu. Umekuwa mkubwa."

"Unanijua, mama?"

"Nikujue vipi nisikujue? Ulilala juu ya meza yangu. Nimekubeba wewe, nimekupepea kwa kifuniko cha mkebe wa filamu." Akajaribu kusimama, akashindwa, akamshika Ketaki mkono akamvuta chini. "Keti. Keti nikuambie, halafu unitukane ukipenda."

Akaeleza. Baada ya onyesho lile la kwanza, filamu ikiwa bado haijatoka kwa watu wote, mama mzazi wa Nirupama alikuja kwenye chumba cha kukatia akiwa amelowa chepechepe, kichanga mkononi. Kichanga kilikuwa na homa isiyoshuka. Bibi yule alikilaza juu ya meza, katikati ya negativu ambayo hata mwenye filamu hakuruhusiwa kuigusa, akapiga magoti. Alikuwa amemzika binti. Alikuwa amesikia kwamba mjukuu anaonekana mikononi mwa marehemu, na kwamba picha hiyo itaonyeshwa kutwa, kila mji, na watu watakodoa macho kusema tazama mama mtu alivyo mzuri, tazama mtoto alivyo mzuri. Alisema, kila watakapoonyesha, marehemu atamwita mtoto. Mwondoe mtoto wangu mikononi mwake, au utanizikia na huyu.

"Na wewe ukaamini?" aliuliza Sulabha.

"Dada, ungemgusa ungeungua. Ungefanya nini, ungemsomea sheria?" Hemabai akajifuta uso kwa kiganja. "Mwongozaji alikuwa ameshapiga picha ya mlango mtupu pia, kwa tahadhari, ikiwa mtoto angelia. Nikautoa ule nikaunga huu. Alipouona kwenye jumba la sinema alinitazama, nikamtazama, hakusema kitu mpaka alipokufa. Na homa ikashuka. Siku ile ile, jioni. Unaweza kucheka."

"Sicheki."

"Ningemwambia nani baadaye? Niliposikia umeolewa nikasema, si sasa, bahati itamgeuka. Nikasikia umejifungua, nikasema, si sasa tena. Mtu ukishaanza kuogopa kwa ajili ya mtoto, siku ya kuacha haifiki."

Ketaki alikuwa bado ameshikwa mkono. Machozi yalimtoka bila sauti na hakuyafuta.

"Unao, mama? Mkanda huo?"

Hemabai akatazama pembeni. Sulabha aliyafuata macho yake: chini ya kitanda, nyuma ya mapipa ya mchele, palikuwa na kitu kimefungwa katika sari kuukuu. Alikuwa anataka kulisema, akaacha. Wakati mwingine mpelelezi anapata anachokitafuta na kazi inabaki kuwa ya mtu mwingine.

"Ninao. Sikupi."

"Hemabai..."

"Sikupi! Umepona, una watoto, una mwavuli mzuri. Na ukiutazama, mama yako akakuita je? Mimi nitamwambia nini bibi yako huko niendako?"

"Acha aniite," alisema Ketaki. "Mama, maisha yangu yote sijawahi kuitwa na yeye. Wenzangu waliitwa kula, waliitwa kuoga, waliitwa kupigwa. Mimi nilikuwa nasimama dirishani nasikiliza mama za watu wanavyoita. Acha aniite mara moja. Nikienda, nimekwenda."

Hemabai akajivuta mpaka kitandani, akainama, akautoa mkebe. Fundo la sari lilikuwa limekazwa na miaka, ikabidi alikate kwa kisu cha mboga.

Kifuniko kilipofunguka, harufu ya siki ikajaa chumba.

Sulabha alikuwa ameshanusa harufu hiyo kwenye maghala ya watu, ndiyo harufu ya filamu iliyooza. Hemabai hakuhitaji kuambiwa. Mkanda ulikuwa umeganda wote kuwa kitu kimoja, kama ukwaju uliosahauliwa kwenye mtungi. Aliugusa pembeni, na vipande vyeusi vikamvunjikia kwenye vidole.

"Nimeufunga sana," alisema. "Nilikuwa nauficha, nikaufunga kwa kitambaa na kamba, haukupata hewa. Kila mwanafunzi wangu nilimfundisha hilo, usiifungie filamu pumzi." Akavitazama vidole vyake vyeusi. "Mimi mwenyewe. Nilikuwa naogopa, hata kufungua niukague niliogopa."

"Jaribu, mama," alisema Ketaki.

"Mashine yoyote itausaga."

"Nimekuomba wewe, sikuomba mashine."

Hemabai akainuka akaosha mikono, akaikausha vizuri, akatoa wembe na kitambaa laini kutoka kwenye mkebe wa biskuti. Akaketi mbele ya ule mkanda pale pale sakafuni, kati ya majani ya uwatu yaliyomwagika. Akaanza nje, akaacha, akaingilia upande wa ndani karibu na kitovu, mahali ambapo siki ilikuwa bado haijafika sawasawa. Alipuliza, akasubiri, akapuliza tena, wembe ukitembea kwa upana wa ukucha. Simu ya Sulabha ikaita, ilikuwa Omkar. Akaizima.

Muda mrefu ulipita. Kisha kipande kikaachia.

Kilikuwa kifupi kuliko kidole cha mtu. Picha kadhaa tu, zinazofanana, na ukingo mmoja umeliwa. Hapana mwendo ungetoka hapo. Hapana mwanamke ambaye angetoka mlangoni katika nyumba za watu. Sulabha alijua hivyo, na Hemabai alijua zaidi.

Bibi akakishika kwa kingo zake, akampa Ketaki.

Ketaki akaenda dirishani, akakiinua kwenye ule mwanga wa mvua. Akakaza macho. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimeinama juu ya kitu kidogo kilichofunikwa shuka, na mkono mdogo umetoka nje ya shuka umeshika ukosi wake. Ilikuwa negativu. Sari iliyokuwa nyeupe ilionekana nyeusi, uso ulikuwa kivuli, na nywele, zile nywele nyeusi ambazo wasichana wa siku hizi wanaziigiza, zilikuwa nyeupe pe.

"Ni mimi huyu," alisema. "Nimemshika."

"Umemshika," alisema Hemabai. "Hukutaka kumwachia. Walipiga wakamaliza, ukabaki umemshika."

"Nywele zake nyeupe."

"Ni negativu, mwanangu. Nyeusi huonekana nyeupe. Mpelekee kijana wako, akigeuza kwenye mashine yake utamwona kama alivyokuwa, msichana mbichi kabisa."

Sulabha akanyoosha mkono akipokee. Alikuwa na bahasha tayari, ndivyo alivyozoea: kitu kikipatikana, kinaingia kwenye bahasha kabla hakijapotea. Ketaki hakukitoa. Alikuwa amekisogeza karibu zaidi na kioo.

"Msigeuze kwanza," alisema. "Tafadhali. Angekuwa hai leo, nywele zingekuwa hivi."

Sulabha akairudisha bahasha mkobani, akakaa chini karibu na Hemabai, wakaanza kuokota mboga.